Kiti cha Anayesema "Simama"

Mlipocheka siku ile katika darasa la kompyuta hapa Manyatta, sikuudhika. Mwalimu wenu alikuwa ameniomba nije niwaambie nilifanya kazi gani miaka yote ile mjini Embu, nami nikasema nilikuwa napanga kurasa. Mmoja wenu aliyekaa karibu na dirisha akauliza, "Kupanga tu, shosho? Hukuandika hata programu moja?" Nikasema hapana, kupanga tu. Mkacheka, nami nikacheka nanyi, kisha kengele ikalia mkaenda kunywa uji.

Nimeona niandike yale ambayo kengele ilinikatiza. Si kwamba kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Niliifanya pamoja na mtu, na mtu huyo tumemzika mwaka huu nyumbani kwao upande wa Meru, kwenye mteremko wa majani chai. Kazi yetu ilikuwa na viti viwili. Kimoja cha anayesoma, kingine cha anayesema "simama". Nataka mjue hicho cha pili kilivyoondolewa, na ilivyokuwa kwa yule aliyekikalia, kwa sababu ninyi mtafanya kazi mahali ambapo hakipo na huenda msijue kwamba kiliwahi kuwepo.

Kazi yenyewe kwanza. Ndani ya kompyuta kuna programu moja kubwa inayoshika kila kitu: diski, skrini, mtandao. Programu nyingine hazigusi vitu hivyo zenyewe. Zinaomba. Ni kama ofisi ya chifu. Huwezi kuingia ukajipigia muhuri. Unasimama mbele ya meza, unaeleza shida yako kwa njia inayokubalika, unangoja. Kufungua faili kuna ombi lake. Kuisoma, lake. Kuibadilisha jina, lake. Maombi ni mengi sana, na kila ombi lina ukurasa wake wa maelezo, unaosomwa na waandishi wa programu kila mahali duniani. Ukurasa unasema ombi linaitwaje, linaandikwaje, linafanya nini, linajibiwa nini, na likikataliwa, sababu zinaweza kuwa zipi.

Kurasa hizo ziliandikwa kwa Kiingereza na watu wengi, na wengine walikuwa na haraka. Huyu aliweka sababu za kukataliwa mwanzoni, yule mwishoni. Huyu alipenda herufi kubwa kama anagombana na mtu. Kazi yetu ilikuwa kuzifanya kurasa zifanane, ili anayetafuta jambo ajue litakuwa wapi kabla hajafungua. Hatukuongeza maarifa yoyote. Mimi nilisoma hadi kidato cha pili, kisha nikajifunza taipu. Nusu ya mambo niliyoyapanga sikuyaelewa, na nawaambia hivyo bila haya.

Kuna mambo machache ya kazi ambayo bado nayashika. Neno ambalo msomaji ataliandika vilevile lilivyo, liwe na herufi nzito. Neno ambalo atalitoa na kuweka lake, kama jina la faili yake, liwe na herufi za kulala. Mtu aliyechoka haanzi kwa kusoma, anaanza kwa kutazama, na macho yake yanaokota uzito na ulalo kabla ya maana. Halafu, katika faili unayoandikia, kila sentensi ianze mstari wake, hata kama msomaji ataziona zimeungana kwenye aya moja. Kesho mtu akirekebisha sentensi moja, itaonekana ni hiyo moja iliyoguswa, na hakuna atakayetafuta kosa katika aya nzima.

Na sheria iliyotushika kuliko zote ni kwamba ukipanga, usibadilishe maneno. Hata ukiona kosa. Kosa liandikie kando, lipelekwe siku yake. Nilipokuwa mgeni nilikuwa nikiona neno baya, vidole vinaniwasha. Mwenzangu alikuwa akinigonga mkono kidogo na kusema, "Leo tumekuja kufagia, Mama Njeru. Ukuta uache."

Mwenzangu huyo aliitwa Mama Mwiti. Ndivyo nilivyomwita na ndivyo nitakavyomwita hapa. Alikuwa amenizidi umri. Kabla ya kuja Embu alikuwa msomaji wa makosa katika kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu mjini Meru, enzi za herufi za risasi, zile ambazo zinapangwa kinyume na unazisoma kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kiwanda kilichapa kalenda za makanisa na madaftari ya shule, kikafungwa. Aliyetukutanisha ni Murimi, kijana wa Gachoka aliyekuwa amemaliza chuo kikuu na kupata kazi hii ya kurasa kutoka kampuni ya ng'ambo. Alikodi chumba juu ya kinyozi karibu na soko. Mimi alinitoa kwenye duka la kupiga chapa, nilikokuwa nikitaipu barua na wasifu wa marehemu. Alituambia hataki watu wanaojua kompyuta sana. "Wanaojua sana wanakuwa na maoni," alisema.

Ukurasa wangu wa kwanza nilipanga ukapendeza. Nikampelekea Murimi kwa fahari, naye bila kuutazama akampa Mama Mwiti. Mama Mwiti akavuta kiti chake cha mbao, kile chenye mto alioufuma mwenyewe, akachukua karatasi ya ukurasa wa zamani mkononi na kuniambia, "Soma."

"Nimeshasoma."

"Umesoma na macho. Sasa soma na mdomo."

"Kwa sauti? Hapa? Kinyozi si atasikia?"

"Kinyozi akisikia kosa atuambie. Soma, mama. Na usiruke nukta."

Nikasoma. Tulisoma kila kitu, si maneno tu; hapa nayatia Kiswahili, na "fungua" ni jina la ombi lenyewe. "Nzito, fungua, mwisho wa nzito. Fungua mabano. Kulala, njia. Mkato. Kulala, alama. Funga mabano. Nukta. Mstari mpya." Mimi nasoma mpya, yeye anafuata ya zamani kwa kidole. Zikitofautiana, hata kwa mkato, anasema, "Simama." Hasemi kwa ukali. Ni kama mtu anayekuonyesha jiwe njiani. Ilikuwa njia ya kiwandani kwao, na hakujua nyingine.

Kinyozi alivumilia kwa muda. Kisha siku moja akapanda ngazi, mashine ya kunyolea bado mkononi. "Nyinyi mama zangu, hiyo ni kanisa gani? Kutoka asubuhi ni nukta, nukta, mstari mpya. Sasa sadaka mnatoa saa ngapi?"

"Sadaka yetu ni wewe uzime hiyo redio," Mama Mwiti akamjibu.

"Redio siwezi zima. Wateja watatoroka."

"Basi tutakuombea hivyo hivyo."

Kumbe kusoma kwa mdomo kuna sababu. Macho yakizoea ukurasa yanaona yanachotarajia. Mdomo hauwezi kuruka, lazima upite juu ya kila kitu. Jinsi nilivyojifunza hilo ni hivi. Ombi likikataliwa, mara nyingi mashine hujibu hasi moja. Kwenye ukurasa wangu mmoja alama ya kutoa ilibaki mwisho wa mstari na moja ikaangukia mstari wa chini. Mimi nilikuwa nimeuona ukurasa huo mara nyingi nikaupenda. Nilipousoma kwa sauti nikajisikia nikisema, "Kutoa. Mstari mpya. Moja."

"Simama," akasema Mama Mwiti. "Mtu akitupa macho hapo kwa haraka, ataona nini?"

"Moja."

"Na moja ni kukubaliwa ama kukataliwa?"

Sikujua. Hata yeye hakujua. Tukamwita Murimi, akaja akatazama, akajishika kichwa. "Waa! Mnajua mngemfanya mtu afikirie faili yake imehifadhiwa na haijahifadhiwa?" Akatuonyesha alama ya kuandika ili kutoa na moja zisitengane kamwe. Tangu siku hiyo, nikiona alama ya kutoa popote, hata kwenye bei ya sokoni, natazama imeshikana na nini.

Msidhani Mama Mwiti hakukosea. Alikosea. Kuna asubuhi alinisimamisha na kushikilia kwamba nimeacha nukta. Mimi nasema hapakuwa na nukta, yeye ananionyesha kwenye karatasi yake ya zamani: hii hapa, nyeusi, ya mviringo. Nikaiweka. Ukurasa ukaenda ng'ambo, ukarudi na ujumbe wa adabu ukiuliza nukta ile katikati ya sentensi imetoka wapi. Tukaitafuta ile karatasi. Alipoikwaruza kwa ukucha, nukta ikabanduka. Ilikuwa uchafu wa nzi. Alicheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta. "Kumbe tuko watatu kwenye hii kazi," alisema, "na mmoja hata hatujamwandika."

Tulikunywa chai pamoja saa nne, mimi nikileta nduma, yeye maziwa. Alinicheka nikijaribu Kimeru, nami nilimcheka akisema kwamba Kiembu ni Kimeru kilichochoka njiani. Sitasema tulikuwa marafiki wa kuambiana kila kitu. Tulikuwa tunasomeana. Mkisomeana na mtu siku baada ya siku, mnajuana pumzi. Nilijua akikohoa kidogo kwamba nimekwenda kasi. Yeye alijua nikivuta maneno kwamba nyumbani kuna shida, na alikuwa anasema, "Weka alama hapo. Tunywe maji."

Halafu macho yake yakaanza. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Hakuficha. Aliingia ofisini akaniambia, "Skrini imekuwa kama maziwa. Hata karatasi." Nilidhani huo ndio mwisho. Yeye alikuwa ameshafikiria. Akasema, "Utanisomea mara mbili. Kipande cha zamani, kisha kipande hicho hicho kipya. Nitashika na masikio." Tukafanya hivyo. Ilikuwa polepole zaidi, na mara nyingine aliniomba nirudie. Lakini "simama" yake ilikuwa ile ile, na kiti chake hakikuwa cha huruma. Alifanya kazi juu yake mpaka siku alipoinuka.

Ile siku ilikuja na furaha, kwa kweli. Murimi alikuwa ametengeneza programu. Unaipa ukurasa wa zamani, inaupanga yenyewe: uzito, ulalo, mistari, hata sababu za kukataliwa inaziweka kwa mpangilio wa alfabeti. Kisha inalinganisha na kuhakikisha hakuna neno lililopotea wala kuongezeka. Alituonyesha ukurasa ambao ungetuchukua sisi asubuhi nzima. Ulimalizika kabla sijaweka kikombe chini. Nilipiga makofi. Nataka mjue hilo, nilipiga makofi.

Murimi hakupiga. Akakaa kwenye ukingo wa meza, akatazama viatu vyake. "Sasa mama zangu, kuna kitu ingine. Wale watu wa ng'ambo wameona hii programu. Wanasema kutoka mwezi ujao wanataka mtu mmoja tu wa kuangalia. Nimejaribu kuongea na wao. Sijui nifanye aje."

Chini mashine ya kinyozi ikiunguruma.

"Hiyo programu yako," Mama Mwiti akauliza, "inajua kusema simama?"

"Inajua, mama. Neno likipotea inaandika kwa rangi nyekundu, inakataa kuendelea."

"Basi iko sawa. Mimi siwezi kusema kwa rangi nyekundu." Akatafuta mkono wangu mezani, akaupata. "Mama Njeru ana macho. Abaki yeye. Mimi nilikuwa nimeanza kukumbuka nyumbani."

Nilimsaidia kufungua kamba za mto wa kiti, akauweka kwenye mfuko wake. Ngazini aliniuliza, "Utakuja kunitembelea?" Nikasema, "Nitakuja." Bintiye Kinya alikuwa amekuja kumchukua. Kesho yake Murimi aliweka printa juu ya kile kiti.

Sasa niwaeleze jambo la kwetu, maana ninyi mnatembeleana na simu tu mkononi. Sisi hatukulelewa hivyo. Huendi kwa mama mwenzako mikono mitupu, na hasa aliyeacha kazi, na hasa mgonjwa. Unabeba kikapu, na kikapu kisiwe chepesi: mchele wa Mwea, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni ya mche, kitenge kama unaweza. Ukienda bila hivyo, unaona ni kama umekwenda kumtazama tu, kama mtu anayetazama ajali barabarani. Kwa hiyo nilingoja nipate cha kubeba. Mwezi huu kulikuwa na karo, mwezi ule paa. Nikipata sukari, mchele unakosekana. Tuliongea kwa simu.

"Mama Njeru, unakuja lini?"

"Acha nijipange kidogo."

"Wewe na kujipanga! Si ukuje tu na ukurasa unisomee."

Nikacheka. Nilidhani anatania. Mtu mzima anasafiri kutoka Embu hadi Meru na karatasi mkononi kama mjumbe wa korti?

Programu ilifanya kazi vizuri, na sitaisema vibaya kwa sababu tu nina majonzi. Iliona vitu ambavyo sisi tungevipita. Mimi nilikaa mbele ya skrini, nikatazama, kijani, kijani, kijani. Sikusoma kwa mdomo tena. Nimsomee nani?

Kisha ikaja ile barua pepe kutoka kwa mtu tusiyemjua, mwenye adabu sana. Ilikuwa juu ya ombi la kubadilisha jina la faili. Kwenye ukurasa wa zamani, moja ya sababu za kukataliwa ilisema: huna ruhusa ya kuandika kwenye folda. Chini yake mara moja palikuwa na nyingine: kama hapo juu, lakini kwa folda unayohamishia. Ilieleweka. Sasa programu ilipopanga sababu kwa alfabeti, ile ya pili iliondoka kwa jirani yake na kwenda kukaa chini ya sababu inayosema diski imejaa. Ikasomeka: diski imejaa, kama hapo juu, lakini kwa folda unayohamishia. Mtu yule alikuwa amekosa ruhusa tu. Lakini aliamini ukurasa, akafuta faili zake apate nafasi, akafuta tena, na bado anakataliwa. Baadhi ya alivyofuta hakuwa na nakala zake.

Hakuna neno lililopotea kwenye ukurasa ule. Maneno yote yalikuwepo. Yalikuwa yamewekwa kando ya majirani wengine.

Murimi alibadilika rangi. Alijua kama mimi kwamba maneno kama "hapo juu", "pale chini" na "ile ya kwanza" yalikuwa yametapakaa kwenye kurasa zote zilizopangwa upya. "Naweza kuiambia programu itafute hayo maneno," alisema, akaanza kuandika, kisha akaacha. "Lakini kuna njia ngapi za kusema hapo juu? Mwingine amesema 'vilevile'. Mwingine amesema 'hali hiyo hiyo'. Mwingine hajasema kitu, amedhani tu utakuwa umesoma iliyotangulia."

Nikamwambia, "Toa printa kwenye kiti."

"Mama, yeye yuko Meru."

"Basi lete simu."

Mama Mwiti alishika simu mara ya kwanza tu ilipoita. Nikamweleza. Alisikiliza, kisha akauliza, "Nani alikuwa anasoma?"

"Hakuna aliyekuwa anasoma."

Hakunilaumu. Akasema, "Kinya, niletee ule mto. Haya, Mama Njeru. Anza. Na usiruke nukta."

Basi tukarudi kazini. Simu juu ya meza, sauti imefunguliwa, Murimi ndiye wa kununua muda wa maongezi. Mimi Embu nasoma ya zamani, nasoma mpya, yeye Meru ameketi nje ya jikoni anashika na masikio. Nilisikia kuku wake. Siku moja ng'ombe alilia katikati ya sentensi nami nikanyamaza. "Huyo ni ng'ombe, si nukta. Endelea." Nilipofika penye sentensi iliyokaa na jirani asiye wake, alisema, "Simama. Hapo juu wapi, Mama Njeru? Nionyeshe hapo juu." Nami natazama, na kweli, hapo juu palikuwa pamehama. Kurasa nyingine zilikuwa salama kabisa na tulizisoma hadi mwisho bila kusimama. Lakini tulizisoma.

Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya zamani. Kinya aliniambia kwa simu kwamba siku hizi mama anaoga mapema, anavaa kama anakwenda kazini. Mngetarajia kwamba hapo ningefunga safari. Badala yake nilipata sababu zaidi ya kutokwenda, maana niliona tunaonana kila siku. Na kikapu kilikuwa bado hakijatimia. Sasa nilitaka kiwe kizito zaidi, kwa kuwa deni la kumshukuru lilikuwa limekua.

Ukurasa wetu wa mwisho ulikuwa wa ombi la kuuliza mashine ni saa ngapi. Mfupi, mwepesi. Tulipita jina, tukapita jinsi linavyoandikwa, maelezo, majibu. Tulipoanza sababu za kukataliwa alikohoa, si kile kikohozi cha kuniambia nipunguze mwendo. Nikaacha.

"Tumefika wapi?" akauliza.

"Tumeanza sababu za kukataliwa."

"Weka alama hapo. Nimechoka kidogo. Tutaendelea kesho."

Nikaweka alama. Kesho yake simu ilishikwa na Kinya. "Anti, mama amelala kidogo." Keshokutwa yake walikuwa hospitali, kwa shida ya moyo. Nikaambiwa anaendelea vizuri. Nikanunua mchele. Nikanunua sukari. Nilikuwa natafuta kitenge ambacho angeweza kukihisi kwa vidole, kizito kidogo, simu ilipoita nikiwa dukani.

Kwa hiyo nilifika kwake na kikapu kizito, hatimaye, siku ya mazishi. Kinya alinipokea mlangoni mwa jikoni. Alikishika kikapu kwa mikono miwili, akakiweka chini, akatazama ndani: mchele, sukari, mafuta, sabuni, kitenge.

"Anti," akasema, "mbona ulijisumbua na vitu hivi vyote?"

"Singeweza kuja mikono mitupu, mama."

"Lakini mchele ulikuwepo hapa. Sukari ilikuwepo. Alikuwa anataka tu kusomewa." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mama yake. "Mimi nilimsomea Biblia pale hospitali. Akaniambia niache, ati naruka nukta."

Kikapu alinirudishia na ndizi na majani chai ndani, kama inavyotakiwa. Nilikibeba hadi Embu na sikumbuki njia.

Labda mtaniuliza nimebaki na funzo gani kwa watu wa kompyuta. Sina kubwa. Tumieni programu za kupanga, zinasaidia. Lakini kabla hamjatuma kazi, mtafuteni mtu mmsomee kwa mdomo, na nukta zake, hata kama haelewi. Mkiwa na mtu wa namna hiyo na amehamia mbali, nendeni. Nendeni na karatasi tu mkononi. Msingoje kikapu.

Ule ukurasa wa saa niliumaliza kabla ya kustaafu. Murimi aliondoa printa mwenyewe, akasogeza kiti mbele yangu, akatoka akanifungia mlango. Nikaanzia penye alama. Kipande cha zamani, kisha kipande kipya, kwa sauti. Sijui nani alimwambia kinyozi, lakini nilipokuwa kwenye sentensi ya kwanza redio ikazimwa.

Nzito. Mwisho wa nzito. Mkato. Nukta. Mstari mpya. Nilikwenda polepole, na kila penye nukta nikangoja kidogo. Programu ilionyesha kijani. Murimi aliporudi alisema uko sawa, tukautuma, na hakuna aliyeandika kulalamika. Lakini mimi nilikuwa hapo na najua nilichokisikia. Nilisoma mpaka nukta ya mwisho, na hakuna aliyeniambia simama.